Maandishi Yasiyo na Mwenyewe

Kwa miaka 34 kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi ya watu wengine nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilianza nikiwa kijana aliyetoka chuo cha ualimu katika miaka ya 1970, nikaishia kuwa mkuu wa shule ya sekondari, na hata nilipokuwa mkuu sikuacha kusahihisha insha za kidato cha pili, kwani niliona kwamba mkuu asiyesoma insha za wanafunzi wake haijui shule yake. Nilipostaafu nilidhani kalamu ile nimeiweka chini. Kumbe uzeeni ningeletewa nyumbani, pasipo kuomba, rundo la maandishi linalohitaji wino mwekundu kuliko madaftari yote niliyowahi kuyabeba kwapani. Nasema juu ya matangazo yanayojitokeza katika kompyuta, na pamoja nayo yale maneno machache na makavu ambayo mashine yenyewe huyatoa pale mtandao unapokatika.

Wahakiki wetu wameshughulikia riwaya, tamthilia na mashairi. Hata majina ya kanga yamepata watu wa kuyachambua. Aina hizi mbili za maandishi, ambazo wengi wetu siku hizi tunazisoma mara nyingi kuliko tunavyosoma riwaya, zimeachiwa mafundi kana kwamba si maandishi. Mimi si fundi. Nitazisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini, na je, anayosema ni kweli? Msomaji asidhani huu ni mchezo wa mzee aliyekosa kazi. Maneno haya yaliingia nyumbani kwangu yakamfanya mke wangu asiisogelee kompyuta kwa miezi sita, na baadaye nusura yatugombanishe sisi wawili tulioishi pamoja kwa miaka 47.

Kompyuta hiyo tuliletewa na binti yetu, ambaye ni muuguzi huko Uingereza. Simu tunazo kama watu wengine, lakini macho ya mke wangu si mazima; moja lilitolewa mtoto wa jicho na la pili linangoja zamu. Katika kioo cha simu wajukuu wake ni vivuli tu. Katika kioo kikubwa kilichoko sebuleni anawaona hadi meno. Kila Jumapili jioni alikuwa akivaa kitenge kizuri, anakaa kitini mapema kuliko saa waliyopatana, anawangoja. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, wala si mashine.

Septemba 2023 nilikwenda msibani kwa siku tatu. Mke wangu, akiwa peke yake, alikuwa akitafuta habari za chakula cha mtu mwenye shinikizo la damu. Ghafla kioo chote kikawa chekundu na mashine ikapiga king'ora. Maneno ya Kiingereza yakamwarifu kwamba kompyuta yake imeingiliwa na virusi 5, kwamba picha zake zote zitafutika, na kwamba amebakiwa na dakika 5. Chini yake tarakimu zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma. Palikuwa na picha ya ngao, na chini ya ngao kitufe cha kijani. Mke wangu alikuwa mkunga kwa miaka 30. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba onyo likitolewa hungoji daktari afike, unatenda. Akabofya.

Niliporudi nilikuta matangazo yamejaa kama nzige. Ukurasa ambao zamani ulikuwa na tangazo moja pembeni sasa ulikuwa nayo sita, mengi yakiwa ya kubahatisha matokeo ya mpira na ya dawa za kupunguza tumbo. Nikaitafuta ile programu ngeni katika orodha ya programu, nikaiondoa kwa hasira, nikajiona mshindi. Nikafungua ukurasa. Hakuna kitu. Nikafungua mwingine. Hakuna. Mahali pa ukurasa palikuwa na maneno kwamba kuna tatizo la proksi, na kwamba yafaa niwasiliane na msimamizi wa mtandao. Nikajiuliza, msimamizi wa mtandao nyumbani kwangu ni nani? Ama ni mimi, ama ni jogoo.

Tuliibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mjini. Aliiangalia kwa muda wa kumaliza soda, akasema, "Hapa dawa ni kupiga Windows upya, mzee. Elfu arobaini." Nikamwuliza habari za picha zilizomo. Akasema picha zitakwenda. Basi tukarudi nayo, na kwa siku 11 ikakaa sebuleni imefunikwa kitambaa kama maiti. Siku ya 12 akaja kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni, kunisalimu. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, nikamwonyesha. Alifungua sehemu ya mipangilio, akaingia kwenye mtandao, akaingia kwenye proksi, akasogeza swichi moja kutoka kulia kwenda kushoto. Ukurasa ukafunguka.

"Basi?" nikamwuliza.

"Basi, Mwalimu."

Alinieleza, na kwa kuwa maelezo yake yalikuwa bora kuliko ya mashine nitayarudia. Proksi ni tarishi. Katika ofisi nyingine barua zote hupitia kwa tarishi mmoja, na hilo si baya. Ile programu ngeni ilijiteua yenyewe kuwa tarishi wetu: kila ukurasa tuliouomba ulipitia mikononi mwake, nayo ikatia matangazo yake katikati kabla ya kutukabidhi. Mimi nilipoifukuza, nilimfukuza tarishi lakini agizo la kumpelekea barua lilibaki ukutani. Kwa hiyo mashine ikaendelea kwa utii kupeleka barua zetu kwenye meza isiyo na mtu. Mashine haikuwa mbovu. Hakuna waya uliokatika. Agizo moja tu lilikuwa limebaki, na kama maneno ya kwenye kioo yangesema hivyo, nisingeibeba kompyuta kwenye bajaji.

Sasa nichukue kalamu. Lile onyo la uongo, nikilipima kama insha, ni kazi nzuri. Nasema hivi kwa uchungu. Mwanzo wake unamshika msomaji. Sentensi zake ni fupi. Linamwita msomaji "wewe", si "mtumiaji". Linaeleza kilichotokea, litakalofuata, muda uliobaki na la kufanya, kwa mpangilio ambao niliwafundisha wanafunzi kwa miaka na wengi hawakuupata. Kwa ufundi ningelipa alama 17 kati ya 20. Ujumbe wa kweli wa mashine, ule wa proksi, ningeupa 5. Unasema kuna kitu kimeharibika bila kumtaja aliyekiharibu. Unatumia istilahi kabla ya kuifasili. Unamtaja msimamizi ambaye hayupo. Haujui unazungumza na nani: mkunga mstaafu mwenye jicho moja zima, au mhandisi.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa jambo hili, na sioni watu wakiueleza hivyo. Wengi husema matangazo ni kero kwa sababu ni mengi, yana kelele na yanakula bando. Ni kweli, lakini wingi na kelele ni makosa madogo. Muuza samaki anayepita mtaani kwetu alfajiri ana kelele zaidi na tunampenda. Ubaya ni kwamba katika kioo kile uongo umeandikwa vizuri na ukweli umeandikwa vibaya, tena vyote viwili vimevaa sare moja. Lile onyo halikusema limetoka kwa mwuzaji. Lilichukua ngao, rangi na sauti ya mashine yenyewe. Mke wangu hakumwamini mfanyabiashara; aliiamini kompyuta yake, kama mtu anavyoamini king'ora cha gari la zimamoto.

Nikumbuke jambo moja la zamani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na sisi tuliopita vyuoni miaka iliyofuata tulipelekwa kufundisha madarasa ya jioni. Darasani kwangu alikuwamo mzee mmoja, mkulima, aliyejifunza kusoma kwa shida na kwa furaha kubwa. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, mtu akinidanganya namwona machoni. Karatasi ikinidanganya nitaijuaje?" Nilikuwa na miaka 22 na majibu mengi. Nikamwambia, "Mzee wangu, tazama chini. Barua ya kweli ina jina la mwenyewe na mahali alipo. Ukitaka, unaweza kumfuata." Darasa likanipigia makofi.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi mbele ya redio na vitabu, wakahimizwa kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Hiyo nayo ilikuwa kushawishiwa, na wako walioichimbia serikali choo ili tu ipite kukagua. Lakini kila mtu alijua anayesema ni nani, anasema siku gani, na kipindi kikiisha kimekwisha. Hata matangazo ya biashara ya redio yalikuwa na saa yake. Yule mzee angeweza kuyapima.

Matangazo ya kompyuta hayakuanza na hila. Tangazo linalotajwa kuwa la kwanza la aina yake lilitokea tarehe 27 Oktoba 1994 katika HotWired huko Marekani, likiwa limelipiwa na kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa mstatili mwembamba juu ya ukurasa, likimwuliza msomaji kama amewahi kubofya mahali pale. Ni swali la kitoto, lakini mstatili una kingo, na ndani ya kingo tangazo linajulikana ni tangazo, kama lilivyo katika gazeti. Miaka michache baadaye kijana aliyeitwa Ethan Zuckerman, akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika programu ya kulifungulia tangazo dirisha lake lenyewe mbele ya ukurasa. Sababu yake inachekesha na kusikitisha pamoja: kampuni ya magari ilichukia kukuta tangazo lake limewekwa kwenye ukurasa wa mambo ya aibu ya chumbani, ikataka litenganishwe. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika kuomba radhi kwa umma. Namheshimu kwa hilo. Lakini tazama mantiki ya jambo: mwenye tangazo alilinda heshima yake, na adhabu akapewa msomaji. Tangu dirisha lilipotoka nje ya kingo, njia ya kulivisha sare ya mashine ilikuwa wazi.

Kijana wa jirani hakuondoka kabla ya kututilia kinga. Alipachika kwenye programu ya kufungulia kurasa kiongezo kinachoitwa uBlock Origin, ambacho kinatokana na kazi aliyoianza Raymond Hill mwaka 2014 na ambacho mwenyewe hataki hata kuchangiwa fedha. Kabla yake alikuwapo mwanafunzi wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, aliyetunga kizuizi cha kwanza chenye jina la Adblock mwaka 2002. Vizuizi hivi, kwa jinsi nilivyoelewa, ni wasomaji wanaosoma kabla yetu. Wanashika orodha ndefu za anwani na alama za matangazo, na kila ukurasa unapotaka kuita kitu kutoka mahali pengine wanatazama orodha. Kama mahali hapo pamo, wito haupelekwi. Orodha moja maarufu, EasyList, ilianzishwa na Rick Petnel mwaka 2005. Yeye alifariki mwaka 2009, na watu wengine wameendelea kuitunza bila kukoma. Kuandika orodha mstari kwa mstari, ili mtu usiyemjua asisumbuliwe jioni akiwa sebuleni kwake, naihesabu kuwa kazi ya uhariri, na ni ya heshima.

Nimesikia hoja kwamba kuzuia matangazo ni wizi, kwa kuwa mwandishi wa ukurasa anakula kwa matangazo. Hoja hii siidharau. Magazeti niliyoyasoma maisha yangu yote yaliishi kwa matangazo, na mimi mwenyewe nilinunua baiskeli yangu ya pili kwa sababu ya tangazo la gazeti. Kwa ajili hiyo nimezima kizuizi katika tovuti moja ya Kiswahili inayoandika habari za kilimo, ambayo matangazo yake yamekaa pembeni kwa adabu na yana majina ya wenye mali. Lakini mtu anayevaa nguo za mwanangu akabisha hodi usiku, nikimfungia mlango, asiseme nimemwibia mauzo. Tarehe 21 Desemba 2022 hata wapelelezi wa Marekani, FBI, waliwashauri wananchi watumie vizuizi vya matangazo, kwa sababu wahalifu walikuwa wananunua nafasi za matangazo katika matokeo ya utafutaji na kujifanya kampuni za kweli. Kwa hiyo wanaolalamika juu ya vizuizi wangeanza kwa kulalamika juu ya wale wanaouza nafasi bila kuuliza mnunuzi ni nani. Nao wauzaji wakubwa wa nafasi ndio wenye milango: mwaka 2024 na 2025 Google ilibadili kanuni za viongezo katika Chrome, na uBlock Origin ikatolewa humo, ikabaki nduguye mdogo mwenye nguvu pungufu. Sisi tulihamia Firefox, ambako inafanya kazi kama zamani.

Hata hivyo kilichonivutia zaidi hakikuwa kiongezo. Kilikuwa faili moja ambalo kijana alinionyesha kama mtu anayeonyesha kaburi la babu. Linaitwa hosts, na ndani ya Windows limefichwa katika folda iliyo ndani ya folda, mwisho wake folda iitwayo etc. Kulielewa lazima turudi nyuma. Mashine katika mtandao zinajuana kwa namba, na binadamu tunapenda majina, kwa hiyo lazima pawe na daftari linalosema jina hili namba yake hii. Katika miaka ya 1970, ARPANET ya Marekani ilipokuwa na mashine chache, daftari hilo lilikuwa moja tu, likitunzwa katika taasisi ya SRI huko California, katika ofisi iliyoongozwa na Bibi Elizabeth Feinler. Aliyetaka mashine yake iandikwe alipeleka habari kwao, nao wakaandika. Mashine zilipoongezeka daftari moja halikutosha, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kugawa kazi hiyo kwa mashine nyingi, ambao ndio tunaoutumia. Lakini daftari la zamani halikutupwa. Kila kompyuta bado inayo nakala yake ndogo, na kabla ya kuuliza nje hutazama kwanza humo.

Basi ukiandika humo jina la mwuza matangazo, na mbele yake ukaweka namba 127.0.0.1, kompyuta itaamini kwamba mwuza matangazo yumo humu humu nyumbani, maana namba hiyo maana yake ni "mimi mwenyewe". Itajigeukia, haitakuta tangazo, na mahali pake patabaki patupu. Nilicheka peke yangu nilipogundua kwamba yule tarishi wa uongo alikuwa ameandikishwa kwa namba hiyo hiyo. Namba iliyotuteka ndiyo iliyotukinga.

Hilo ndilo andishi bora katika mashine nzima, na nasema hivi baada ya kulisoma kwa makini. Kila mstari unasema jambo moja. Halina picha wala rangi. Mstari ukianza kwa alama ya # mashine inauruka, kwa kuwa umeandikiwa binadamu. Kwa hiyo mwandishi anaweza kumweleza msomaji afanyalo, pembeni ya kazi yenyewe. Katika nakala inayokuja na Windows kuna maelezo ya mfano, na mmoja wa mifano hiyo umetumia jina la faru. Sijui faru alifikaje pale, ila nilifurahi kumkuta mtu wa kwetu. Udhaifu wake pia upo: linazuia majina tu, na tangazo linalotoka katika nyumba moja na ukurasa wenyewe linapita. Wala si rahisi kuliandika. Lazima ulifungue kwa ruhusa ya msimamizi (nikajua hatimaye kwamba jogoo hahusiki), na Notepad ina tabia ya kuongeza herufi tatu mwishoni mwa jina la faili bila kukuambia, ambapo mashine hailitambui tena. Nilipoteza siku mbili kwa sababu ya herufi hizo tatu. Kijana alitaka kunipa orodha ya maelfu ya majina aliyoipata kwa watu. Nilikataa, nikaandika majina 23 kwa mkono wangu, ambayo kila moja nilijua kwa nini nimeliandika.

Lakini mke wangu hakurudi. Nilimwambia matangazo yamekwisha. Akasema, "Mwalimu, tatizo si matangazo. Mimi siamini tena maandishi ya hiyo mashine." Hata ujumbe halali wa kumtaka akubali kamera iwashwe aliukimbia. Jumapili wajukuu walizungumza nami, naye akawasikiliza kutoka jikoni. Nilipotaka kumjibu nilimkumbuka yule mzee wa darasa la jioni, na jibu langu la miaka 22 likanikwama, kwani ningemwambia atazame chini ya nini?

Pasaka ya 2024, tarehe 31 Machi, binti yetu alimbembeleza, akakubali kukaa. Akaanza tena kuvaa kitenge. Tukawa na Jumapili sita njema.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili ya saba, kurasa hazikufunguka. Nyingine zilijivuta kisha zikakata tamaa. Maneno ya kwenye kioo yalisema tovuti imechelewa mno kujibu, yakashauri nikague muunganisho, kisha nikague proksi na kinga ya mtandao. Neno proksi lilinichoma. Nikakagua proksi, ilikuwa imezimwa. Nikazima kisanduku cha mtandao na kukiwasha. Nikafuta kumbukumbu ya majina. Nikafungua lile dirisha jeusi na kuandika netsh winsock reset, amri ya kurudisha mlango wa mtandao katika hali yake ya kwanza, nikawasha mashine upya. Nikafuta majina yangu 23. Nikaingia uvunguni kuukagua waya. Saa ya wajukuu ikapita. Nami, niliyekuwa nimechoka na kuona aibu, nikamgeukia mke wangu nikasema, "Ni lile dude ulilolibofya. Bado limo humu."

Hakujibu. Alikwenda kubadili nguo.

Habari za kesho yake zilieleza. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Msumbiji, Malawi na nchi nyingine zilikuwa zimepungukiwa na mtandao. Mimi nilikuwa nakagua waya wa nusu mita uvunguni. Mashine iliniambia nikague muunganisho, na kwa namna yake haikusema uongo. Haikunieleza tu kwamba ubovu unaweza kuwa mbali, nje ya uwezo wangu na nje ya kosa la mtu yeyote nyumbani. Sentensi moja ya aina hiyo ingeniepusha na neno nililolisema. Lakini neno nilikuwa nimelisema mimi, na hilo silitwiki kampuni yoyote.

Nilimwomba msamaha mezani, mbele ya chai, kwa maneno ambayo si ya kuandikwa hapa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka sharti: chochote kitakachomtaka abofye, ataniita kwanza aniulize, "Nani ameandika?" Nikishindwa kumjibu, habofyi, hata kama ni kitu halali na hata kama wajukuu wanangoja. Nikakubali. Tangu wakati huo ameniita mara nyingi, na niseme ukweli kwamba mara nyingi nimeshindwa kumjibu, na mara mbili katika hizo mwandishi alikuwa kampuni iliyotengeneza mashine yenyewe.

Mtandao uliporudi vizuri nilifungua tena faili la hosts, nikayarudisha majina yangu 23. Chini yake nikaongeza mstari wenye alama ya #, nikieleza kwamba mistari iliyo juu nimeiandika mimi, kwa jina langu kamili, katika nyumba yetu, mwezi Mei 2024, na kwamba mwenye swali aniulize sebuleni. Mashine haiusomi mstari huo. Mke wangu aliusoma polepole kwa miwani yake, akasema nimesahau koma baada ya jina. Nikaitia.